Mpangaji Hatakulipia Nyumba

Kuna ushauri unaotolewa Nairobi siku hizi kana kwamba hauna mpinzani. Utausikia kwenye mikutano ya sacco, kwenye mahema ya maonyesho ya nyumba, kwenye redio asubuhi ya Jumamosi, na kwa binamu aliyekuja likizo kutoka Marekani. Unakwenda hivi: acha kumlipa mwenye nyumba. Chukua mkopo, nunua mezoneti ya vyumba vitatu au vinne katika mtaa wenye lango moja kule Syokimau, Kitengela, Ruiru au kando ya barabara ya Kiambu. Ishi humo miaka mitano. Mshahara ukipanda, hamia panapokufaa zaidi, na ile ya kwanza uipangishe. Kodi italipa mkopo, nawe utazeeka ukiwa na nyumba mbili, moja ya kulala na moja ya kula.

Ushauri huu unapendwa kwa sababu haumlazimishi mtu kuchagua. Anayetaka makao anaambiwa ananunua makao, anayetaka kitegauchumi anaambiwa ananunua kitegauchumi, na nyumba ni ile ile moja. Mimi naupinga. Sipingi kumiliki nyumba, wala sipingi biashara ya kupangisha, ambayo imesomesha watoto wengi katika nchi hii. Ninachopinga ni kuitwika nyumba moja kazi mbili ambazo soko, benki na sheria ya ushuru ya Kenya zimezitenga. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kwa riba za benki zetu, huenda zote mbili zikaponyoka.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayorukwa. Chukua mezoneti ya Sh14 milioni, bei ya kawaida kabisa katika mitaa niliyoitaja. Unatoa asilimia 20 mfukoni mwako, yaani Sh2.8 milioni, na benki inakukopesha Sh11.2 milioni kwa miaka 20. Weka riba ya asilimia 14, ambayo ndiyo takriban wastani wa mikopo ya nyumba uliokuwepo Kenya mwaka 2023. Kila mwezi utalipa kama Sh139,000. Kabla hujapewa funguo, serikali itakuwa imechukua ushuru wa stempu wa asilimia 4, ambao ni Sh560,000, na bado hujamlipa wakili, mthamini wala ada za benki.

Sasa uliza nyumba hiyo hiyo inapangishwa kwa kiasi gani. Jibu litakuwa kitu kama Sh65,000 kwa mwezi, na mara nyingi ada ya walinzi, taka na taa za mtaa imo humo humo. Ina maana kwamba jirani yako anayepanga nyumba pacha na yako, yenye jikoni lile lile na ngazi zile zile, anaishi humo kwa chini ya nusu ya unacholipa wewe.

Hapo mshauri atadakia: "Lakini yeye anatupa pesa, wewe unajenga mali." Tuone unajenga kiasi gani. Katika Sh139,000 za mwezi wa kwanza, Sh130,000 na ushei ni riba. Zinazopunguza deni hazifiki Sh9,000. Uliacha kumlipa mwenye nyumba Sh65,000 kwa sababu hazirudi, ukaanza kuilipa benki Sh130,000 ambazo pia hazirudi. Ukiendelea hivyo miaka mitano bila kuchelewa hata mwezi mmoja, utakuwa umelipa zaidi ya Sh8.3 milioni, na deni litakuwa limeshuka kutoka Sh11.2 milioni hadi takriban Sh10.5 milioni. Miaka mitano ya jasho imenunua kama Sh740,000 za nyumba. Hayo ndiyo maumbile ya mkopo wa muda mrefu wenye riba kubwa: miaka ya mwanzo hulisha riba, na miaka ya mwisho ndiyo inayopunguza deni. Wala usisahau kwamba ushauri unakutaka uhame mwaka wa tano, kabla miaka hiyo ya mwisho haijakaribia.

Mwaka wa tano umefika, na sasa unageuka mwenye nyumba. Nitakuwa mkarimu: tuseme kodi imepanda kutoka Sh65,000 hadi Sh80,000. Tuseme pia kwamba kila mwaka nyumba inakaa tupu mwezi mmoja tu, kati ya mpangaji anayetoka na anayeingia. Utakusanya Sh880,000. Toa ushuru wa kodi za nyumba wa asilimia 7.5, yaani Sh66,000. Toa ada ya huduma ya mtaa, tuseme Sh8,000 kwa mwezi, yaani Sh96,000. Toa ajenti wa kukusanya kodi, asilimia 8, kama Sh70,000. Toa kodi ya mwezi mmoja, Sh80,000, kwa rangi, mabomba, tangi la maji na kabati lililong'oka. Zinabaki kama Sh567,000 kwa mwaka, au Sh47,000 kwa mwezi. Benki inangoja Sh139,000. Pengo ni Sh92,000, kila mwezi, kutoka katika mshahara ule ule ambao sasa unalipia pia makao yako mapya.

Hata tukimpa mpangaji sifa za malaika, asihame kamwe, asivunje hata bawaba, na mamlaka ya ushuru, KRA, pamoja na ajenti na kamati ya mtaa wote wakusamehe, bado kodi ya Sh80,000 haitoshi. Utaongeza Sh59,000 kila mwezi. Anayesema mpangaji atakulipia nyumba hajawahi kuweka namba hizi mbili kwenye karatasi moja.

Najua nitaambiwa kwamba nimechagua riba mbaya. Basi tuipunguze. Nyumba yetu inaleta, baada ya gharama, kama asilimia 4 ya bei iliyonunuliwa. Mkopo wa mwajiri au wa mpango nafuu wa asilimia 9 utapunguza pengo, hautaliziba, kwa kuwa fedha iliyokopwa kwa 9 haitafidiwa na nyumba inayozaa 4. Biashara inayokopa ghali na kuuza rahisi ina jina moja tu, hata ikiwa na maua mlangoni.

Sasa tumrudie binamu wa Marekani, kwa sababu yeye hadanganyi. Kule alikotoka, ushauri huu una mantiki, na ni vizuri kuona kwa nini. Mmarekani wa kawaida huchukua mkopo wa miaka 30 ambao riba yake haibadiliki hadi siku ya mwisho. Aliyekopa mwanzoni mwa 2021, riba ilipokuwa chini ya asilimia 3, analipa kiasi kile kile leo, huku kodi za nyumba zikipanda. Mikopo inayodhaminiwa na shirika la serikali la FHA huanza na malipo ya asilimia 3.5 tu, kwa sharti kwamba mnunuzi aishi humo mwaka mmoja hivi. Akipangisha baadaye, sheria inamruhusu kutoa riba ya mkopo katika mapato ya kodi, na kutoa pia uchakavu wa jengo uliogawanywa kwa miaka 27.5. Akiuza, faida ya hadi dola 250,000, au 500,000 kwa mume na mke, haiguswi na ushuru mradi aliishi katika nyumba hiyo miaka miwili kati ya mitano ya mwisho. Kwa hiyo anaweza kuishi humo miaka miwili, akapangisha karibu mitatu, akauza na kuondoka na sehemu kubwa ya faida yake. Sheria ya kwao imemwandalia njia ya kugeuza makao kuwa biashara.

Kenya imefanya kinyume chake, na ni ajabu kwamba wanaohubiri ushauri huu hawalitaji jambo hilo.

Kwanza, riba yetu inayumba. Mikopo mingi ya nyumba hapa ina riba inayobadilika. Benki Kuu iliacha kiwango chake cha msingi kikiwa asilimia 7 hadi Mei 2022, kisha ikakipandisha hatua kwa hatua hadi asilimia 13 Februari 2024. Mkopo wetu wa Sh11.2 milioni kwa asilimia 11 hulipwa kwa takriban Sh116,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 15 hulipwa kwa Sh147,000. Benki hukutumia ujumbe wa simu, na mwezi unaofuata unalipa zaidi. Wewe huwezi kumtumia mpangaji ujumbe kama huo. Mshahara wake haukupanda kwa sababu riba imepanda. Pengine kinachobaki mkononi mwake kimepungua, kwa kuwa naye ana mkopo wa gari. Yule wa Marekani amefunga gharama zake na kuacha mapato yapande. Wewe umeacha gharama zipande na kuyafunga mapato kwa mkataba wa mwaka mzima.

Pili, unapoteza nafuu ya riba. Anayeishi katika nyumba aliyoinunua kwa mkopo wa taasisi inayotambuliwa anaruhusiwa kutoa riba ya hadi Sh30,000 kwa mwezi katika mapato yake kabla ya kukatwa ushuru; kiwango hicho kilikuwa Sh25,000 hadi mwisho wa mwaka 2024. Kwa mwenye mshahara unaotozwa asilimia 30, hizo ni Sh9,000 zinazobaki mfukoni kila mwezi. Siku unapomkabidhi mpangaji funguo, nyumba haikaliwi nawe tena, na nafuu hiyo inakoma.

Tatu, ushuru wa kodi hutozwa kwenye kilichokusanywa, si kwenye faida. Mwenye nyumba za makazi anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote; kabla ya Januari 2024 ilikuwa asilimia 10. Riba ya benki haitolewi. Rangi haitolewi. Unaweza kupata hasara mwezi mzima na bado ukadaiwa ushuru wa mwezi huo. Ipo njia ya kuiandikia KRA na kuomba kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambapo riba na matengenezo huhesabiwa, na mwenye deni kubwa angefaa kuichukua. Lakini njia hiyo inataka daftari, risiti na mhasibu, na hata ukipata hasara humo haitapunguza ushuru wa mshahara wako. Sijamsikia muuzaji wa mezoneti akiyaeleza hayo ndani ya hema.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, ni ushuru wa faida ya mauzo ya mali. Tangu Januari 2023 umekuwa asilimia 15, kutoka asilimia 5 ya awali. Sheria ya Ushuru wa Mapato inamsamehe mtu anayeuza makao yake binafsi, kwa sharti moja: awe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu inayotangulia mauzo moja kwa moja. Hiyo ni miaka mitatu ya mwisho. Uliishi mitano, ukapangisha mmoja, ukauza: msamaha umekwenda. Kama nyumba ilinunuliwa kwa Sh14 milioni na kuuzwa kwa Sh18 milioni, ushuru, kabla ya gharama zinazokubaliwa kutolewa, unaweza kukaribia Sh600,000, kama kodi yote iliyobaki mkononi mwako mwaka ule mmoja. Sheria yetu inamwambia mwenye nyumba waziwazi kwamba kama anataka kunufaika na bei, auze angali anaishi ndani. Ushauri wa mjini unamwambia ahame kwanza.

Ongeza na jambo la tano, ambalo wengi hulisoma baada ya kusaini. Nyumba iliyo rehani haina bwana mmoja. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamzuia aliyeweka mali rehani kuikodisha kwa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya maandishi ya mkopeshaji. Kupangisha kimyakimya kwa muda unaozidi huo ni kuvunja mkataba na mtu anayeweza kupiga mnada.

Tuache benki na ushuru, tumtafute huyo mpangaji mwenyewe. Wauzaji hupenda kutaja kwamba wakazi wa mijini ni wapangaji. Ni kweli: sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban familia nne kati ya tano katika miji ya Kenya zinaishi katika nyumba za kupanga. Ila wengi wao wanatafuta chumba kimoja, bedsita, au nyumba ya chumba kimoja cha kulala karibu na kituo cha matatu. Anayeweza kulipa Sh80,000 kwa mwezi ni mtu wa aina nyingine kabisa: ana mshahara wa uhakika, ana gari, ana watoto wawili, anataka lango na nyasi. Mtu huyo ni nani? Ni yule yule anayehubiriwa kila Jumamosi kwamba kupanga ni ujinga na anunue mezoneti yake. Mpango wako wote unamtegemea mteja ambaye mshauri wako yuko kazini kumwondoa sokoni. Kama ushauri ni mzuri, hutampata mpangaji. Kama utampata, basi kumbe alikuwa na sababu nzuri za kupanga.

Tena hukushauriwa peke yako. Mtaa wa nyumba 40 uliouzwa mwaka mmoja, kwa watu wa umri mmoja, walioelezwa mpango mmoja, utaingia sokoni kwa pamoja. Mwaka wa tano mabango ya kupangisha yatatundikwa langoni kwa makumi, na barabara nzima ya jirani imejengwa mitaa mingine kama huo. Barabara ya juu kwa juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, iliifanya Syokimau ivutie wanunuzi. Iliwavutia pia wajenzi wote. Palipo na nyumba nyingi zinazofanana, mpangaji ndiye anayepanga bei.

Nao mtaa wenyewe hubadilika. Nyumba hizi haziishi kwa kuta zake peke yake. Zinategemea kisima kimoja, pampu moja, jenereta moja, lango moja, na wamiliki wanaokubali kulipa ada na kuhudhuria mikutano. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, wamiliki wa vitengo huendesha mali ya pamoja kupitia shirika lao wenyewe. Shirika hilo linakwenda vizuri pale wenye nyumba wanapooga maji ya kisima hicho. Wakishahamia Karen au Dubai, nani atakesha akibishana kuhusu bei ya pampu? Katika ukanda wa Athi River, ambako maji ya bomba ni ya kusubiri na maji ya visima mara nyingi yana chumvi, kamati ikilegea mwezi mmoja mtaa unaishi kwa bowza. Mpangaji mzuri huondoka wa kwanza, kwa kuwa yeye hana deni la kumfunga pale.

Tatizo jingine limo katika nyumba yenyewe. Ukinunua makao, unachagua kwa moyo wa familia: jikoni pana, chumba cha mfanyakazi, shule iliyo karibu, kabati za mbao nzuri, vigae ulivyovichagua mwenyewe. Kila shilingi ya hayo ni halali, kwa sababu wewe ndiye utakayefurahia. Lakini mpangaji hakulipi ziada kwa vigae vyako. Ukinunua biashara, unachagua kwa daftari: nyumba zenye milango mingi midogo karibu na chuo, hospitali au kituo, rangi inayosafishika, mabomba yanayopatikana duka la jirani. Ndiyo maana wenye nyumba wa Roysambu, Kahawa na Juja hawajengi mezoneti. Mwenye bedsita 20 akihamwa na mpangaji mmoja, amepoteza asilimia 5 ya mapato ya mwezi. Mwenye mezoneti moja akihamwa na mpangaji mmoja, amepoteza yote, na benki haijui habari hiyo.

Hoja ya mwisho ya wapinzani wangu ndiyo yenye nguvu zaidi, na sitaikwepa: mali isiyohamishika hupanda bei. Ndiyo, mara nyingi hupanda. Lakini tuulize kinachopanda ni nini. Jengo huchakaa; ardhi ndiyo inayoongezeka thamani. Wazee walionunua nyumba za zamani Kileleshwa na Kilimani walitajirika kwa sababu kila nyumba ilikaa juu ya kiwanja kikubwa, na wajenzi wa maghorofa walipokuja walinunua ile ardhi na kubomoa nyumba. Mwenye kitengo kimoja katika safu ya nyumba 20 zilizoshikana hawezi kufanya hivyo. Ana kipande cha ardhi cha kujengea ngazi na kuegesha magari mawili, na ukuta anaoshiriki na jirani. Hawezi kubomoa, hawezi kuongeza ghorofa, wala hawezi kumuuzia mjenzi bila majirani wote kukubali. Amelipa bei ya ardhi inayopanda na kupewa zaidi jengo linalochakaa.

Hata hivyo, tuseme bei imepanda asilimia 5 kila mwaka kwa miaka mitano bila kukosa. Nyumba ya Sh14 milioni sasa ni Sh17.9 milioni. Toa deni la Sh10.5 milioni, una Sh7.4 milioni za kwenye karatasi, kabla ya ajenti na wakili. Mtazame sasa yule jirani aliyepanga nyumba pacha. Hakutoa Sh2.8 milioni za mwanzo wala Sh560,000 za stempu. Kila mwezi amelipa chini yako kwa kati ya Sh59,000 na Sh74,000. Kama aliweka tofauti hiyo pembeni, ana zaidi ya Sh7 milioni taslimu bila kuhesabu hata shilingi moja ya faida. Akiziweka katika hatifungani za serikali, kumbuka kwamba ile ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka bila ushuru. Riba hizo hazidumu, najua. Zigawe kwa mbili. Jirani bado yuko mbele yako, na hajawahi kuitwa usiku kwa sababu ya bomba.

"Lakini Wakenya hawaweki akiba," atasema mtu, "mkopo huwalazimisha." Kuna ukweli hapo, na kwa asiyeweza kujizuia pesa zikiwa mkononi, ukweli huo una uzito. Lakini akiba ya lazima ya Sh740,000 kwa malipo ya Sh8.3 milioni ni nidhamu ya bei ghali mno. Agizo la benki la kukata mshahara kupeleka sacco hufanya kazi hiyo hiyo bure. Wengi wamelielewa hilo kitambo. Mwishoni mwa 2023 mikopo ya nyumba katika benki zote za Kenya ilikuwa takriban 30,000 tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba watu hawana elimu ya fedha. Nadhani ni dalili kwamba wanajua kujumlisha, na ndiyo maana wamejenga polepole kwa mikopo ya sacco, chumba hadi chumba.

Kwa nini basi ushauri huu hauishi? Kwa sababu kila anayeutoa hulipwa siku unaposaini. Mjenzi hupata bei yake, ajenti hupata kamisheni, benki huanza kula riba mwezi unaofuata. Hakuna hata mmoja wao atakayekuchangia mwaka wa tano, pengo la Sh92,000 litakapofunguka.

Wapo wanaoweza kuufuata bila kuumia. Aliyenunua kwa pesa taslimu miaka mingi iliyopita, aliyerithi, aliyekaribia kumaliza mkopo, au aliyehamishwa kikazi ghafla na kukuta soko la kuuza limelala, huyo apangishe bila aibu. Kwake kupangisha ni njia ya kupunguza hasara au kutumia mali iliyokwisha kulipwa. Kosa ni kuugeuza msaada wa dharura kuwa mpango wa maisha, na kumuuzia kijana wa miaka 30 mwenye mshahara wa kwanza mzuri.

Kwa kijana huyo nina maneno machache. Amua kwanza unanunua nini. Kama ni makao, nunua mahali utakapokaa miaka 10 au zaidi, kwa mkopo usiokunyima usingizi, na ukikubali kwamba starehe ya familia yako ndiyo faida yake. Siku ukitaka kuhama, uza ukiwa bado unaishi ndani na umeshapita miaka mitatu, ili faida ibaki yako. Kama ni biashara, nunua biashara tangu siku ya kwanza: andika kodi ya mwaka, toa mwezi mmoja wa nyumba tupu, toa ushuru, ada, ajenti na matengenezo, kisha gawa kinachobaki kwa bei. Kikiwa chini ya riba ya mkopo wako, ondoka. Na kama huwezi bado kimojawapo, panga nyumba nzuri kwa amani, na kila mwezi weka kando ile tofauti ambayo benki ingeila.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mtu akikuambia kwamba mpangaji atakulipia nyumba, mpe karatasi na kalamu, mwambie aandike kodi upande mmoja na malipo ya benki upande wa pili. Akishindwa kuandika, usisaini.